Mwaka Tuliouza Resho

Mwezi uliopita tulimzika Papa Dieudonné, mwenye pikipiki, na kwenye matanga yake nikamkuta Ya Masika, yaani dada Masika. Sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameketi chini ya turubai, kitambaa cheusi kichwani, mwili umepungua, simu yake ameilaza kifudifudi juu ya paja na kuifunika kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto mdomo. Nilikwenda nikamwamkia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisogezea kiti. Binti yake mkubwa, ambaye nilimwacha akiwa shule ya msingi, akauliza, "Mama, na huyu mama munajuana wapi?" Ya Masika akajibu bila kunitazama, "Tuliuzishaka naye bintu ku téléphone, zamani. Mwaka moja tu." Kisha akageukia mambo ya mazishi, nani ametoa turubai, nani ataleta maji. Tukaimba, tukanywa chai, tukaagana. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba Papa Dieudonné ndiye alikuwa mtu pekee, mbali na mimi, aliyeujua mwaka ule mpaka mwisho wake. Ya Masika anajua sehemu tu. Sehemu nyingine sijawahi kumwambia, na pale chini ya turubai nilikuwa na nafasi ya kumwambia, nikanyamaza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sina kazi. Ya Masika alikuwa amenizidi kwa miaka kumi na kitu. Alitoka Butembo, kaka zake walikuwa na malori, na alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, chumba cha mbele akakifanya bohari. Alinichukua kwa sababu niliandika Kifaransa kizuri na simu yangu ilipiga picha safi. Lile soko la kwenye simu lilikuwa jipya mjini. Unaweka picha ya kitu chako, mteja anabonyeza, unakipeleka. Sisi tuliuza resho, yale majiko madogo ya umeme yenye waya uliojiviringisha kama konokono na kuwaka mwekundu. Makala, makaa ya kupikia, yalikuwa ghali, na kila mama aliyekuwa na umeme, hata wa saa chache, alitaka resho. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala maishani: maboksi mpaka darini, dirisha moja lenye vyuma, meza ya gundi na makasi, na harufu ya katoni mpya iliyoingia mpaka kwenye nywele. Kwenye kona, juu ya kreti iliyopinduliwa, Ya Masika alikuwa na resho moja aliyoitoa kwenye mzigo wetu wenyewe. Alipikia hapo bukari ya mchana, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na samaki wa kukauka wa Kilwa yetu ya ziwani, na watoto wake watatu waliporudi shuleni tulikula wote sakafuni, migongo imeegemea maboksi. Papa Dieudonné alikula nasi kama alikuwa karibu. Yeye ndiye aliyepeleka vifurushi kwa wateja wa mjini. Vya mbali vilipanda lori.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa myema. Kisha wenye soko wakabadilisha sheria. Mteja aliruhusiwa kurudisha kitu ndani ya siku saba. Akisema amebadilisha mawazo, usafiri ni juu yake. Akisema kitu ni kibovu, usafiri ni juu ya muuzaji, na faini juu yake. Ukirudishiwa vitu vingi, nyota zako zinashuka, duka lako linafichwa mahali ambapo hakuna anayeliona, na mwisho linafungwa na pesa zako zilizo mikononi mwao zinabaki huko huko. Kila kitu kilipotangazwa kuwa kinarudi, simu ya duka ililia mlio wake wa peke yake, mfupi na mkavu, na maandishi mekundu yakatokea. Baada ya wiki chache watoto wa Ya Masika walikuwa wakiusikia mlio ule na kuacha kutafuna.

Na watu, wakishajua kwamba neno "kibovu" linawaondolea gharama, wote wakaanza kusema kibovu. Resho moja ilirudi imejaa mafuta ya kukaangia, imepikia harusi nzima. Nyingine ilirudi na kovu la kisu. Boksi moja tulilifungua tukakuta tofali limefungwa kwenye gazeti. Nililipeleka tofali lile mpaka kwenye kituo chao mjini, ambako wauzaji walipanga foleni tangu asubuhi. Mama mmoja wa nywele za bandia alikuwa akimweleza jirani yake, "Banavaa perruque ku fête, banaileta inanuka jasho, banasema couleur haiko ya picha." Kijana wa simu akasema yeye sasa anapiga video kila anapofunga boksi, na video zenyewe hakuna anayezitazama. Nyuma ya kioo alikaa bwana mmoja mpole, shati limepigwa pasi. Alilitazama tofali langu kwa huruma ya kweli. "Mama, système njo inaamua," aliniambia. "Miye niko hapa ya kupokea tu." Nilimwuliza nani anaweza kuongea na hiyo système, mfumo wao. Alifikiri, kisha akasema hajui.

Basi tukajifunza kupambana kwa njia zetu. Nilipiga picha kila resho ikiwa inawaka, na namba yake ya nyuma. Nilimpigia kila mteja simu kabla ya kumpelekea, nimsikilize sauti, na wale walionitia shaka niliwaambia mzigo umeisha. Aliyelalamika tulimtumia kipande cha kitenge asibonyeze. Ya Masika alikuwa na njia yake. Alianza kwa kubembeleza, "Mama yangu, tusaidiane, niko na batoto," na kama haikufaa sauti ilishuka, ikawa taratibu sana: "Sawa. Lakini avenue unakala naijua. Na namba ya nyumba naijua." Hakuwa na nia ya kumfanya mtu lolote. Ila nilikuwa nimekaa naye meza moja nikibandika gundi, na niliona kwamba anwani za watu, tulizopewa ili tuwafikishie vyombo vya kupikia, zilikuwa zimegeuka kitu kingine mdomoni mwake. Akikata simu alisema neno moja tu, kila mara lile lile: "Isirudi."

Mzigo wa pili wa resho ulikuja na kamba nyeupe za umeme, nyembamba kuliko zile za kwanza. Nililiona hilo siku ya kwanza, nikalipiga picha, nikaendelea. Wiki iliyofuata resho moja ikarudi na sababu imeandikwa: inanipiga courant, yaani umeme unamrusha. Tuliichomeka, ikawaka vizuri. Ya Masika aliigusa kwa kidole. "Bongo," akasema, yaani uongo. Ya pili ikarudi na maneno yale yale, kisha ya tatu. Kwenye ile ya tatu niliigeuza chini nikaona alama ya kahawia pale kamba inapoingia, na nikaileta puani. "Ya Masika, hii inanuka," nikamwambia. Alikuwa anahesabu karatasi za faini, hakuinua kichwa. "Kila resho inanuka siku ya kwanza. Pangusa, tia mu boksi mupya." Nikapangusa. Nikatia kwenye boksi jipya. Siwezi kusema kwamba nililazimishwa. Watu walikuwa wametudanganya mara nyingi mno, na aliyesema kweli aliandika maneno yale yale ya mwongo, kwa herufi zile zile nyekundu. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba wote ni waongo. Na yeye Ya Masika mwenyewe alikuwa ameshabadilisha resho ya kwenye kreti, sasa alikuwa akiwapikia wanawe kwenye yenye kamba nyeupe, kila mchana, miguu ndani ya viatu vyake vya plastiki.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja tulipata onyo la mwisho. Kitu kimoja tu kikirudi tena, duka linafungwa. Siku mbili baadaye mama mmoja akapiga simu, siku ile ile aliyopokea resho yake. Aliitwa Mama Félicité, mjane, aliuza chai na mikate mbele ya nyumba yake, hapo hapo kwetu, tarafa ya Kampemba. Wengi walibonyeza bila kutuuliza, lakini yeye alipiga kwanza, kwa heshima, kama anayeomba ushauri kwa daktari. "Mwanangu Solange, hii resho iko muzuri, inachemusha maji mbio. Lakini nikigusa sufuria, mukono inatetemeka mpaka huku ku bega. Nirudishe, ao njo vile iko?" Ya Masika alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama tu. Nikasikia sauti yangu, tamu kabisa, ikimpa ushauri wa viatu: "Njo vile iko, mama. Uvae bilato ya plastiki wakati ya kupika. Na usiguse na maji." Mama Félicité akafurahi. "Ah! Kumbe ni bilato tu. Aksanti, mwanangu. Mungu akubariki." Jioni ile ile alitupa nyota tano. Ndizo zilizotuokoa.

Nikaanza kuzihesabu siku zake tangu simu ile. Siku ya tatu, siku ya tano. Kila asubuhi Papa Dieudonné alipokuja kuchukua vifurushi nilimwuliza kama amepita barabara ile, kama mama wa chai yupo. "Eko, ananiuzisha mukate," alisema, na kunitazama kidogo, maana sikuwa mtu wa kuulizia wateja. Siku ya saba ilipopita, Ya Masika alileta munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kikanda, mkate wa mizizi na karanga, tukala tukicheka, watoto wakacheza juu ya maboksi. Nilikunywa munkoyo ule na ulikuwa mtamu. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Papa Dieudonné aliingia bila kuvua kofia yake ya pikipiki. Vifurushi vyote bado vilikuwa vimefungwa kwenye kiti chake nje. "Ule mama ya chai," alisema. "Jirani bake banasema resho ilimukamata mukono. Haikumuachilia mpaka mutu alikata courant. Bamemupeleka ku hôpital."

Nilikwenda naye saa ile ile. Mama Félicité alikuwa amelala kwenye chumba cha wanawake kumi, mkono wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na pembeni dada yake alikuwa akimlisha uji. Vidole viwili vilikuwa vimeshakatwa. Sikujua nitajitambulishaje, nikasema tu, "Mama, pole." Alinigeukia upesi. Hakuwahi kuniona, lakini sauti aliijua. "Njo weye wa bilato," alisema. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka: akaniomba msamaha. "Unisamehe, mwanangu. Uliniambia muzuri kabisa. Ile siku nilitoka kuoga, nikasahau." Dada yake akatikisa kichwa, akasema, "Anasahauka sana, huyu." Nikasimama pale na mfuko wangu wa machungwa. Nilitaka kusema kwamba viatu havikuwa na maana yoyote, kwamba resho ndiyo iliyokuwa na kosa na nilijua. Niliweka machungwa juu ya kitanda nikatoka, na uani, karibu na mabomba wanakofulia ndugu za wagonjwa, nikatoa simu ya duka.

Zilizouzwa za kamba nyeupe zilikuwa thelathini na nne. Namba za wote nilikuwa nazo. Niliandika kwa Kiswahili chetu, bila adabu za duka: Resho tulikuuzishia ni mubaya, inaweza kuua muntu, usiichomeke tena, uirudishe, bonyeza kibovu. Nikaituma kwa kila mmoja nikiwa nimeketi juu ya tofali la kufulia, Papa Dieudonné amesimama mbele yangu akinikinga jua. Tulipofika Hewa Bora simu ilikuwa imeshaanza kulia mlio ule mkavu, ukifuata mwingine, ukifuata mwingine, hata ikawa kama mdudu amefungwa ndani yake. Ya Masika alikuwa ameketi juu ya boksi, kompyuta iko wazi mbele yake, skrini nyekundu yote.

"Solange. Umefanya nini?"

"Nimebaambia barudishe."

"Bote?"

"Bote."

Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alitazama ile resho ya kwenye kreti, sufuria ya maharagwe juu yake ikichemka. "Miye nilipikia batoto yangu pale," alisema. "Kila siku. Kama ulijua ni mubaya, ungeniambia."

"Nilikuambia, Ya Masika."

"Hapana. Uliniambia inanuka."

Ilikuwa kweli. Alisimama, akachomoa resho, na maharagwe yakaendelea kuchemka peke yake kwa muda kabla ya kutulia. Duka lilifungwa jioni ile. Pesa zilizokuwa huko hazikurudi kamwe, na kaka zake walimwita Butembo kujieleza. Aliuza friji, akauza vitanda, akahama kabla ya Noeli bila kuniaga. Resho zilirudi moja moja. Papa Dieudonné alizikusanya, na mimi nilikata kila kamba kwa makasi yale yale ya kwenye meza ya gundi. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili zilikuwa thelathini na mbili, pamoja na ile ya Mama Félicité thelathini na tatu. Moja ilibaki. Ilikuwa imekwenda Kilwa, kwa mwanamke aliyeandikwa kwa jina la Astrida. Namba yake haikuita, na ujumbe wangu ulikuwa umekaa na alama moja tu ya kutumwa.

Mwezi wa kwanza, siku moja mchana, nikiwa nafua, namba nisiyoijua ikanipigia. Mwanamume. "Njo weye Solange wa resho?" Nikasema ndiyo. "Message yako imeingia leo ku téléphone ya muke yangu Astrida. Antenne ya huku ilianguka na mvua, njo banatengeneza jana. Uliituma siku gani?" Nilimwambia. Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. "Antenne ilianguka siku mbili mbele ya message yako," akasema. "Na muke yangu alikufa siku ya posho, Jumamosi iliyofuata. Alikuwa anapika." Siku mbili. Mama Félicité alikuwa amenipigia wiki moja na nusu kabla sijautuma ujumbe, na ningeutuma siku ile ungefika Kilwa kabla sijaweka simu mezani. Huyo mwanamume hakujua hilo. Aliuliza jambo moja tu: "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," nikasema.

"Basi ukuye ukamate kintu yenu. Siitaki mu nyumba yangu."

Papa Dieudonné alinipeleka kwa pikipiki yake, na alikataa hata pesa ya mafuta. Tulilala Kasomeno, kwenye nyumba ya mtu wa parokia, na baada ya hapo njia ilikuwa matope na mashimo, mara nyingi mimi nilitembea na yeye akasukuma. Tulifika Kilwa mchana wa siku ya pili. Nyumba ilikuwa safi, ya matofali, kwenye mstari wa nyumba chache zilizokuwa na umeme. Mume alisimama mlangoni na mfuko wa mchele ulioviringishwa, na ndani yake nikaona kamba nyeupe ikining'inia. Alinipa, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka pale mama mmoja mzee, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alipotoka ndani na kunishika mkono. Alikuwa mama wa Astrida. Mkwewe hakuwa amemwambia chochote. "Banasema unatoka Lubumbashi," alisema. "Mbali vile! Ulikuwa rafiki ya mutoto yangu?"

Alinivuta ndani, akaniketisha jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kigoda. Ukuta ulikuwa na doa jeusi karibu na soketi, lenye ukubwa wa sahani. Alikuwa tayari ameshapakua bukari na samaki wa ziwa aliyevuliwa siku ile, mvuke bado unatoka, akaleta maji ya kunawa na kunimiminia mwenyewe. Papa Dieudonné alinitazama kutoka mlangoni. Nilijua kwamba nikinyamaza sasa, nitanyamaza maisha yote.

"Mama," nikasema, "sikuwa rafiki yake. Njo miye nilimuuzishia ile resho. Na nilijua iko mubaya."

Maji yaliacha kumiminika. Alikaa na jagi mkononi, akiniangalia mikono yangu iliyolowa, na uani kuku walikuwa wakiparua chini ya vitanda vya kuanikia samaki. Hatimaye alitua jagi, akaisogeza sahani mpaka ikagusa magoti yangu.

"Kula," alisema. "Njia iko mrefu."

Nikala. Alikaa mbele yangu muda wote, na nilikula mpaka sahani ikaisha.